Kusoma ukame wa zamani kwenye pete za mninga: mwongozo kwa Tabora

Mwaka wa ukame mti hukua kidogo na kuacha pete nyembamba. Kuzisoma pete hizo, tumia mninga. Miti ya mtundu na muba imejaa misituni, ila mipaka ya pete zake huonekana kwa shida na pete zenyewe hukatika ovyo. Mninga hukaa bila majani kiangazi, ukuaji unasimama, na mvua za Novemba zinapoingia pete mpya huanza kwa vitundu vikubwa baada ya mstari mwembamba mweupe. Zimbabwe mti huuhuu umetumika kurudisha historia ya mvua hadi mwaka 1796.

1. Sampuli

Pata visahani vya unene wa sentimita 5 kutoka kwenye visiki, mahali panapovunwa kwa kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania). Keekee ya kutoboa mti ulio hai haikufai hapa: mninga ni mgumu, na kijiti cha milimita 5 hakikuonyeshi pete ikizunguka. Miti 15 hadi 20 ya eneo moja inatosha kuanzia. Chagua ya kwenye miinuko yenye udongo haba. Ya kando ya mbuga (bonde la majani linalotuama maji) hunywa maji ya chini na haijui ukame. Iliyochunwa gome kwa ajili ya mizinga au yenye makovu ya moto, iache. Gome libaki kwenye kisahani, na andika mwezi na mwaka wa kukatwa. Kausha kivulini, juani kitapasuka.

2. Msasa

Namba 80, 120, 240, 400, kisha 600. Vaa barakoa, vumbi la mninga hubana kifua. Usipake vanishi.

3. Kuoanisha miaka

Kuhesabu pete na kuoanisha (kulinganisha mti na mti hadi kila pete ipate mwaka wake) ni kazi mbili tofauti. Ukihesabu tu kutoka gomeni kwenda ndani, kosa la pete moja husogeza kila ukame ulio nyuma yake kwa mwaka mzima, na ukichanganya miti kumi yenye makosa ya namna hiyo, ukame wote unafutika kwenye wastani.

Chora njia tatu kutoka kitovuni hadi gomeni, zikitengana sawasawa. Anza gomeni, weka nukta ya penseli kila pete ya kumi. Kisha shika pete ya kumi ya njia ya kwanza uifuate kwa lenzi hadi njia ya pili. Ukiangukia ya tisa au ya kumi na moja, kati ya njia hizo kuna pete iliyokatika, au umehesabu pete ya uongo. Rudi pete moja moja hadi uione.

Pete ya uongo hutokea mvua zikikatika katikati ya masika kisha zikarudi. Mstari wake hufifia pande zote mbili na mara nyingi hauzunguki kisahani chote. Wa kweli una ukingo mkali upande wa nje. Pete iliyokatika ni kinyume chake: mti umekua upande mmoja tu, na hilo hutokea zaidi miaka ya ukame, yaani miaka ileile unayoitafuta. Mti mwingine unaweza kukosa pete hiyo njia zote tatu. Hapo utaigundua kwa kulinganisha na miti jirani tu.

Kulinganisha, fanya kwa mkono kwanza. Kata ukanda wa karatasi ya grafu, mraba mmoja kwa pete moja. Pete nyembamba kuliko majirani zake ipe mstari mrefu, nyembamba kupita zote miraba 10. Ya kawaida iache tupu. Telezesha ukanda wa mti mmoja juu ya mwingine. Mistari mirefu ikilingana hadi mahali fulani halafu yote ikawa pembeni kwa mraba mmoja, kosa liko hapohapo. Wanaoruka hatua hii na kukimbilia kompyuta huishia kuamini namba wasizoweza kuzitetea.

Mwaka wenyewe: masika yetu yanavuka Desemba. Kwa kawaida ya kusini mwa ikweta, pete hupewa mwaka ilioanza kukua. Mti uliokatwa Julai 2023, pete yake ya mwisho ni ya 2022. Takwimu za mvua zipange vivyo hivyo, Novemba 2022 hadi Aprili 2023 ziitwe 2022.

4. Vipimo

Skani kwa dpi 1200 au zaidi, pima upana, kisha kagua kwa COFECHA, programu ya kukagua uoanishaji: vipande vya miaka 50 vinavyopishana kwa 25, kiwango cha chini cha uwiano na miti mingine 0.3281. Ikikuambia kipande kinakaa vizuri zaidi kikisogezwa mwaka mmoja, rudi kwenye mbao. Usiongeze pete ambayo hujaiona popote, iwe kwenye kisahani hicho au kwa jirani.

5. Kutoka pete hadi mvua

Ondoa athari ya umri na utengeneze wastani wa miti yote kwa dplR, kifurushi cha programu ya R, ni bure. Omba mvua za kila mwezi za kituo cha Tabora kutoka TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania). Tafuta uhusiano kwa nusu ya miaka yenye takwimu, ujaribu kwenye nusu iliyobaki, kisha ubadilishe nusu. Uhusiano ukishika upande mmoja tu, kagua tena hatua ya 3.

Kipindi ambacho EPS (kipimo cha jinsi wastani wa miti yako unavyowakilisha miti yote ya eneo) imeshuka chini ya 0.85 kikate, hata kama kina ukame unaovutia. Huko nyuma umebaki na miti miwili au mitatu. Na usidai umri wa mti kwa pete ya kitovuni: chipukizi la mninga hufa na kuchipua upya kwa miaka kadhaa kabla shina halijasimama.