Namna ya Kutembelea Korongo la Kyambura, Magharibi mwa Uganda

Barabara itokayo Mbarara kwenda Kasese inapoteremka kutoka Kichwamba, Bonde la Ufa hufunguka mbele ya msafiri kama uwanda mmoja wa nyasi na miti michache, na ni vigumu kuamini kwamba katikati ya nyika hiyo kuna msitu mnene. Msitu huo umejificha ndani ya ardhi yenyewe. Mto Kyambura, ambao humwaga maji yake katika Mfereji wa Kazinga, mkondo wa asili unaounganisha maziwa ya George na Edward, umechimba korongo lenye kina cha mita 100 hivi na urefu wa takriban kilomita 16, na ndani ya korongo hilo unyevu na kivuli vimekuza miti mirefu ambayo isingeweza kustawi kwenye tambarare ya juu. Upande mmoja wa korongo ni Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952, na upande wa pili ni Pori la Akiba la Kyambura.

Wageni wengi huja hapa kwa ajili ya sokwe mtu. Ni sababu nzuri, lakini msafiri na aelewe mapema anachokinunua. Sokwe wa Kyambura ni kundi dogo la makumi machache tu, na wametengana na jamaa zao wa misitu ya Maramagambo na Kalinzu kwa sababu msitu uliokuwa ukiwaunganisha umekatwa kupisha mashamba. Kundi likiwa dogo kiasi hicho, kuna siku askari wa hifadhi huwatafuta asubuhi nzima bila mafanikio. Mtu ambaye safari yake itaharibika asipomwona sokwe afadhali aende Msitu wa Kibale, karibu na Fort Portal, ambako kibali ni ghali zaidi lakini uwezekano wa kuwaona ni mkubwa mno. Kyambura inamfaa yule anayependa kutembea korongoni kwa ajili ya korongo lenyewe, na ambaye sokwe kwake ni nyongeza.

Matembezi yote hufanyika kwa kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, ambayo ofisi zake kuu ziko Kamwokya, jijini Kampala. Kwa kuwa idadi ya watu wanaoruhusiwa kushuka kila siku ni ndogo, ni busara kulipia kibali wiki kadhaa kabla, hasa kwa safari za Juni hadi Agosti na Desemba hadi Februari, miezi ambayo mvua hupungua na wageni huongezeka. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hutozwa kiwango chao, kilicho chini sana kuliko kile cha wageni wa mbali, kwa hiyo kitambulisho au pasipoti iwe mkononi siku ya kulipia na vilevile siku ya kutembea. Watoto walio chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kuwafuata sokwe. Anayeingia Uganda kutoka nje anapaswa pia kuwa na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na kwa kuwa eneo hili lina malaria, dawa za kinga zijadiliwe na daktari kabla ya kuondoka nyumbani.

Kutoka Kampala ni zaidi ya kilomita 400 kwa barabara ya lami inayopitia Masaka, Mbarara na Bushenyi, nayo huchukua sehemu kubwa ya siku. Yapo mabasi ya Kasese, ila anayepanda aulize kwanza, kwani mengine hupitia Fort Portal na hayafiki upande huu. Njia ya kuingilia korongoni hukatiza kutoka barabara kuu kabla ya daraja la Katunguru, na kituo cha kuanzia matembezi kiko ukingoni kabisa. Kwa kuwa matembezi ya asubuhi huanza saa mbili, anayetaka kuyawahi bila presha alale Kichwamba au Katunguru, si Mbarara. Yapo pia matembezi ya saa nane mchana, lakini kwa maoni yangu ya asubuhi ni bora, kwa kuwa jua bado halijawa kali na sokwe hupiga kelele zaidi wakati huo, na kelele hizo ndizo zinazomwelekeza askari.

Mavazi yanahitaji kufikiriwa zaidi kuliko watu wanavyodhani. Njia ya kushukia ni ya udongo, na ikinyeshewa usiku huwa telezi mno, hivyo viatu viwe vya kufunga kifundo cha mguu na vyenye soli yenye meno. Suruali iwe ndefu na miisho yake ichomekwe ndani ya soksi, kwa sababu siafu huvuka njia mara kwa mara na mtu hugundua kuwa amesimama juu ya msafara wao wakati tayari wameshapanda. Rangi nyeusi na buluu iliyokolea ziachwe, kwani huwavutia mbung'o. Fimbo ya kutembelea ni msaada mkubwa wakati wa kupanda kurudi, sehemu ambayo huwachosha wengi, maana mteremko uliokuwa rahisi asubuhi hugeuka mlima mtu akiwa na miguu iliyochoka. Lita mbili za maji na koti jepesi la mvua vinatosha kukamilisha mzigo.

Korongoni, askari mwenye silaha hutangulia, na agizo lake hufuatwa bila mjadala. Silaha hiyo si pambo. Viboko hukaa mtoni na huacha njia zao wazi kwenye matope ya kingo, na tembo huonekana mara nyingine. Mto huvukwa mahali fulani kwa kupita juu ya magogo, nao sokwe hutumia miti iliyoanguka kwa namna hiyohiyo, kwa kuwa hawaogelei. Ni vyema kusimama mara kwa mara na kutazama juu, kwa sababu mbega na kima hukaa matawini kimya, na anayetembea akitazama vidole vyake huwapita bila kujua. Kelele za sokwe zikisikika, mwendo hubadilika ghafla: kundi huacha njia na kukata vichakani kwa haraka, na hapo ndipo viatu vizuri huonyesha thamani yake.

Wakipatikana, wageni hupewa muda usiozidi saa moja. Umbali utakaoelekezwa na askari uheshimiwe, barakoa ivaliwe inapohitajika, kamera zisitoe mwanga, na chakula kisitolewe mfukoni. Mwenye mafua au kikohozi hazuiwi kwa ukali wa sheria tu: sokwe huambukizwa maradhi ya kupumua ya binadamu kwa urahisi, na katika kundi dogo lililotengwa hivi, ugonjwa mmoja unaweza kuua sehemu kubwa ya ukoo. Askari akishindwa kuwapata, asibanwe arudishe fedha za watu, kwa kuwa kibali hugharimia utafutaji.

Matembezi huchukua kati ya saa mbili na nne, na mchana unaobaki unatosha kwa safari ya mashua kwenye Mfereji wa Kazinga, inayoanzia rasi ya Mweya, ambako viboko na nyati huonekana kwa karibu bila jasho lolote. Wanaopendelea msitu zaidi wanaweza kwenda Maramagambo kutazama pango la popo na chatu. Hapo popo hutazamwa kutoka kwenye kibanda kilichojengwa kwa umbali wa usalama, na hakuna sababu ya kumwomba mtu yeyote akusogeze karibu zaidi: mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi aliyekuwa ameingia ndani ya pango hilo alifariki kwa Marburg, ugonjwa hatari wa virusi unaobebwa na popo, baada ya kurudi kwao.