Ranfulati au tairi za kawaida? Jinsi ya kuamua kama unaendesha huku Tabora

Habari zenu wakuu. Mi nafunga tairi hapa Tabora mjini, na siku hizi BMW na Benzi za mtumba kutoka Japani zimekuwa nyingi, zinakuja mpaka za Urambo na Kaliua, na swali ninaloulizwa karibu kila wiki ni lilelile: fundi, nirudishie ranfulati au nifunge tairi za kawaida? Ranfulati (run-flat) ni tairi inayoendelea kutembea hata upepo ukiisha. Watu wanataka jibu la neno moja. Mimi naanza kwa kuwaambia wafungue buti, na hapo chini mtaelewa kwa nini.

Hatua ya 1: jua gari imevaa nini sasa hivi

Usitegemee maneno ya aliyekuuzia. Chuchumaa, futa vumbi, soma ubavuni mwa tairi. Bridgestone wanaandika RFT, Michelin wanaandika ZP, Goodyear ROF, Continental SSR, Dunlop DSST, na zile za Benzi unakuta MOE. Ukiona mojawapo basi hiyo ni ranfulati. Soma zote nne maana gari za mtumba nakuta sana mbele ranfulati nyuma kawaida, na hiyo haifai kabisa, ubavu wa mbele mgumu wa nyuma laini, kwenye kona ya mwendo gari inakuwa na tabia mbili.

Kwa asiyejua, ranfulati ubavu wake umeongezewa mpira mgumu, kwahiyo upepo ukiisha ule ubavu ndo unabeba gari. Nyingi zinaahidi kilomita 80 bila upepo kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa. Sasa hiyo 80 ni ya lami na mzigo wa kawaida, usiihesabu ukiwa na watu watano na madumu ya asali kwenye buti afu uko kwenye changarawe.

Hatua ya 2: fungua buti kabla hujafungua pochi

Gari nyingi zilizotoka kiwandani na ranfulati hazina spea tairi, hazina jeki, hazina hata spana ya magurudumu. Kiwanda kilihesabu kwamba ranfulati yenyewe ndo spea. Ukizitoa ukafunga za kawaida halafu buti likabaki tupu, umejiondolea kinga moja na hujaweka nyingine.

Hili linaniuma kwa sababu nimeshalifanya. Nilimfungia mzee mmoja tairi nne za kawaida, mpya, nzuri kabisa, sikumuuliza habari ya spea. Alikuwa anaelekea Mpanda. Ukishapita Ipole kuelekea Koga ni pori tu, akapata pancha jioni, hana jeki hana spea, akalala ndani ya gari na mjukuu wake mpaka asubuhi alipopata lori la kumsaidia. Aliporudi hakunifokea, aliniuliza tu, "Mwanangu, mbona hukuniambia?" Tangu siku hiyo sifungui boliti hata moja kabla sijaangalia buti.

Kwahiyo ukiamua kwenda kawaida, bajeti yako iwe na hivi vitu pamoja na tairi: spea, jeki, spana, kompresa ndogo ya volti 12 ya kuchomeka kwenye soketi ya sigara, na kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki maana kwenye mchanga jeki inazama. Kama huwezi kuvinunua vyote mwezi huu, subiri mwezi ujao ufanye kwa pamoja.

Kwenye spea kuna mtego. Rimu za BMW E90 matundu yake ni 5 kwa 120 (matundu matano kwenye duara la milimita 120), za Benzi nyingi ni 5 kwa 112, kwa macho zinafanana ila haziingiliani. Na hizi gari zinatumia boliti, sio nati, sasa rimu ya chuma ni nyembamba kuliko ya aloi, ile boliti ndefu ya aloi inaweza kupita ikagusa vitu vya ndani, basi nunua na boliti fupi zake uziweke pamoja na spea. Halafu angalia kama gari ina boliti ya kuzuia wizi, ule ufunguo wake mdogo ukipotea umekwama hata kama spea unayo. Kama utapata ile spea nyembamba ya muda, inajazwa 60 psi, na mwisho wake 80 kwa saa. Nyingi ninazokuta zina 20 tu kwa sababu hakuna anayezikumbuka.

Hatua ya 3: kaa chini uandike barabara zako

Kweli andika, au chukua simu. Wiki ya kawaida unakwenda wapi? Kama ni nyumbani Ipuli, kazini, sokoni, na safari ya Nzega mara moja moja, yote lami, basi ranfulati inakufaa, hasa kama unaendesha usiku peke yako au mgongo haukuruhusu kuinama na jeki. Kutoka popote humo, kilomita 80 zinakufikisha kwa fundi. Hiyo amani ina thamani yake na mimi simshawishi mtu kama huyo abadilishe.

Ila kama unaingia vijijini kununua tumbaku, unashuka Mpanda, au unakwenda Kigoma kupitia Kaliua na Uvinza, mi nasema funga za kawaida na spea kamili. Sababu ya kwanza ni ubavu. Ranfulati ni ngumu, shimo likipigwa ule mshindo hauishii kwenye tairi, unaenda kwenye rimu na shokapu, nimeshaona rimu za aloi zimepasuka ufa upande wa ndani na mwenye gari anashangaa upepo unakwenda wapi. Na jiwe likichana ubavu, ranfulati nayo imekwisha hapohapo, haina tena cha kubeba gari. Sababu ya pili ni upatikanaji. Saizi kama 205/55 R16 ya kawaida utaipata Tabora, utaipata Kigoma mjini, hata Kasulu ukiuliza vizuri. Ranfulati ya saizi hiyohiyo unaagiza Dar au Mwanza, ni ghali zaidi, na unasubiri basi.

Kuna dada mmoja alikuja na E90, taa ya tairi ilikuwa inawaka tangu jana yake, yeye akaendelea na safari zake kwa sababu gari ilikuwa inatembea tu. Akaniambia, "Kaka naomba uzibe hako katundu tu, si unaona tairi ni nzima?" Kweli kwa nje kalikuwa katundu ka msumari katikati ya kashata, pale tairi inapokanyaga barabara. Nikaitoa kwenye rimu mbele yake, nikaingiza mkono ndani, ukatoka mweusi, umejaa unga wa mpira kama masizi ya sufuria, na kwenye ubavu kulikuwa na mstari wa mkunjo umezunguka tairi nzima. Ukiona unga ule ujue ubavu umejisaga wenyewe kwa ndani, hakuna kuziba, ni kutupa. Angesimama mapema tairi ikiwa bado ina upepo, ningeziba kwa ndani na kiraka chenye mguu (kijiti kinachoziba tundu) akaondoka. Gari ilikaa kwangu siku nne kusubiri tairi.

Hatua ya 4: hakikisha taa ya upepo inafanya kazi

Hii ni kwa wanaobaki na ranfulati, na ni lazima. Kwa sababu ubavu hauinami, ukiangalia kwa macho huwezi kujua kama upepo umeisha, unaweza kutembea kilomita zako 80 zote bila kujua umeshaanza kuzihesabu. Washa swichi uone kama taa inawaka kisha inazima. Kuna gari sensa iko kwenye nozeli ndani ya rimu na ina betri, betri hizo hufa baada ya miaka kadhaa, na kuna zinazotumia sensa za ABS (za breki) kulinganisha mzunguko wa magurudumu. Taa imekufa na huna mpango wa kuitengeneza? Basi weka za kawaida.

Hatua ya 5: namba za kununulia

Rimu za ranfulati zinakubali tairi za kawaida za saizi ileile, usikubali kuuziwa rimu mpya kwa sababu hiyo. Namba ya mzigo na herufi ya mwendo visishuke chini ya vilivyoandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva. Ikiwa 91V, 91 maana yake tairi moja inabeba kilo 615 na V ni mwendo wa kilomita 240 kwa saa, kwahiyo 88 ikataliwe hata kama bei ni tamu. Halafu tafuta neno DOT ubavuni, namba nne za mwisho ni tarehe ya kutengenezwa, 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Kwangu tairi iliyopita miaka sita siifungi, hata kama vile vinywele vya mpira vya tairi mpya bado vipo.

Badilisha nne kwa pamoja.

Hatua ya 6: kufunga

Ranfulati isitolewe kwa vyuma na nyundo chini ya mwembe, mdomo wake (ukingo unaokaa kwenye rimu) ni mgumu na utachanwa, au rimu itaumia. Tafuta mwenye mashine. Baada ya kufunga fanya balansi, jaza upepo wa kwenye stika tairi zikiwa za baridi, kisha seti upya ile taa ya upepo maana bado inakumbuka tairi za zamani. Tembea kama kilomita 50 hivi halafu rudi tukaze boliti tena, hii haina malipo kwangu, na kwa fundi yeyote idai.