Mwendo kasi huanzia mezani: kusimamia usalama wa wanaoendesha kikazi Mtwara na Lindi

Mwongozo huu ni wa wanaosaini fomu za safari: maofisa usafirishaji, mameneja wa matawi, wakuu wa miradi, viongozi wa vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS). Dereva husemwa kila siku, redioni, vikaoni na hata na trafiki. Aliyempangia saa ya kufika hasemwi. Katika kazi yangu ya kusimamia magari ya ofisi huku kusini, mwendo kasi mwingi niliouona ulitokana na mtu aliyekaa kwenye kiti akaahidi kikao bila kuuliza umbali. Kwa hiyo tunaanza na wewe, dereva atafuata.

Hatua ya 1: Jua nani anaendesha

Usiishie kwa walioajiriwa kama madereva. Ofisa ugani mwenye pikipiki, mkusanya marejesho ya mikopo, mhasibu anayekwenda benki na gari lake mwenyewe, wote wanaendesha kwa ajili yako. Waandike. Kwa kila mmoja, shika leseni mkononi, tazama daraja lake na tarehe ya kuisha, kisha panda naye uone anavyoendesha. Robo saa kuelekea Mikindani itakuonyesha mengi kuliko cheti.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde wafanyakazi wake, na mfanyakazi uliyemtuma Nachingwea yuko kazini akiwa njiani. Akiumia huko ana haki ya kufidiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Hakikisha michango imelipwa na jina lake limo.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya njia kabla ya kuahidi saa

Hapa ndipo penye kazi kubwa, nakuomba usiparuke.

Chukua Mtwara hadi Masasi kwa kupitia Mnazi Mmoja, takriban kilomita 200. Watu husema "saa mbili na nusu tu". Sasa tuhesabu. Njiani kuna Mikindani, Mnazi Mmoja, Mtama, Nyangao, Ndanda na vijiji vingine katikati, vyenye vibao vya 50, matuta na watoto wa shule. Tuseme kilomita 60 ni za mwendo wa 50: hiyo ni saa 1 na dakika 12. Kilomita 140 zilizobaki kwa mwendo wa 80, ambao ndio ukomo ninaouweka kwa magari yote ya ofisi: saa 1 na dakika 45. Jumla ni karibu saa 3, na hapo dereva hajasimama kunywa maji wala hajakaa nyuma ya lori lililojaa shehena. Mpangie saa tatu na nusu hadi nne.

Kwa hesabu hiyo, kikao cha saa tatu asubuhi Masasi kinamtaka dereva aondoke Mtwara saa kumi na moja na nusu alfajiri, maana yake ameamka saa kumi. Sogeza kikao kiwe saa tano, au mlipie alale Masasi. Gharama ya chumba cha gesti usiilinganishe na gharama ya msiba.

Tengeneza jedwali la namna hii kwa kila njia mnayoitumia, ulibandike ukutani karibu na ufunguo wa gari. Njia za vumbi zina hesabu yake: kwenye mchanga wa Tandahimba huwezi kutumia mwendo wa lami, na asubuhi Newala ukungu hutanda mpaka usione gari la mbele.

Hatua ya 3: Weka saa ya kuzima gari

Kwangu ni saa kumi na mbili jioni. Gari likikutwa na giza Mangaka, linalala Mangaka. Usiku barabara zetu zina lori lililoharibika likiachiwa matawi ya miti badala ya pembetatu, baiskeli zisizo na taa, na upande wa Kilwa ng'ombe wanaovuka. Dereva akilala njiani alipwe posho yake bila kuhojiwa, la sivyo atajilazimisha kurudi.

Ramadhani ipangwe peke yake. Dereva aliyeamka kula daku na anayeshinda na funga huchoka mapema, na jioni kila mtu anakimbilia futari. Safari zote zianze asubuhi na ziishe kabla ya alasiri. Muulize pia kama ametumia dawa: piriton ya mafua inaleta usingizi, na wengi hawaihesabu kuwa dawa.

Kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikifunguliwa, malori huongezeka barabarani, na wakulima wakishalipwa pikipiki mpya nazo huongezeka, nyingi mikononi mwa vijana wanaojifunzia barabara kuu. Ongeza nusu saa kwenye jedwali. Masika uliza hali ya njia kabla ya kuondoka. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Lindi hadi Dar es Salaam wilayani Kilwa. Maji yakipita juu ya barabara, agizo ni moja: geuza.

Hatua ya 4: Kagua gari kwa mkono

Fomu yenye alama za vema hujazwa mtu akiwa kivulini. Mtake dereva aguse. Tairi ina vinundu vidogo ndani ya mifereji yake. Uso wa tairi ukishalingana navyo, tairi imekwisha. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu yenye kashata (mifereji) nzuri bado ni tairi kuukuu. Pitisha kiganja upande wa ndani pia, ambako upara hujificha. Huku pwani chumvi hula chuma, basi fundi atazame mabomba ya breki chini ya gari kila sevisi.

Spea yenye upepo, jeki, pembetatu, mtungi wa kuzimia moto, mikanda ya viti vyote. Bila hivyo gari halitoki.

Hatua ya 5: Pikipiki

Kofia ngumu ni ya mwajiri kununua. Ifungwe, kisha iinue kwa nyuma kuielekeza mbele: ikivuka kichwa, haifai. Ikishaanguka kwenye ajali, tupa. Usimtume mtu wa pikipiki Masasi kwa lami kama kuna basi.

Hatua ya 6: Simu na bosi

Gari la mwendo wa 80 hula mita 22 kila sekunde. Kutupia jicho ujumbe kwa sekunde tatu ni mita 66 bila dereva. Wanaopiga simu hizo ni sisi wa ofisini, kwa hiyo katazo lianze kwetu: mpigie abiria, au subiri dereva asimame.

Mpe dereva barua yenye saini ya mkurugenzi inayomruhusu kukataa kuongeza mwendo. Bosi akisema, "Kanyaga kidogo, tumechelewa," ajibu, "Samahani mkuu, mwendo wetu ni 80," na asiadhibiwe. Mkuu naye afunge mkanda, hata akikaa nyuma.

Hatua ya 7: Jiandae na ajali

Bandika garini namba ya dharura 112 na hospitali za njia yenu: Ligula Mtwara, Sokoine Lindi, Nyangao, Ndanda, Mkomaindo Masasi. Majeruhi asivutwe kwa mikono wala miguu, isipokuwa gari linawaka moto. Toeni taarifa polisi mpate PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi), kisha WCF.

Kila Ijumaa waulize madereva waliponea wapi chupuchupu wiki hiyo. Andika mahali na saa, usiandike jina. Kona ikitajwa na wawili, iingize kwenye jedwali la ukutani na upunguze mwendo hapo kuanzia Jumatatu.