Mseto umezwe na nini? Njia ya dawa kutoka utumboni hadi kwenye damu

Baba mmoja wa makamo alirudi kaunta wiki tatu baada ya kumaliza dozi ya mseto (dawa ya malaria yenye artemetha na lumefantrini), homa imemrudia. Hakuwa ameruka kidonge hata kimoja. Pakiti tupu alikuja nayo mfukoni, saa za kumeza amezitia alama kwa kalamu. Nikamwuliza, "Shikamoo baba. Ulikuwa unameza na nini?"

"Marahaba, daktari. Na chai ya rangi. Chakula kilikuwa hakipiti."

Siwezi kuapa kwamba chai ya rangi ndiyo iliyomrudishia malaria. Huenda aliumwa na mbu mwingine. Lakini tangu siku ile siishii tena kusema "meza baada ya kula". Haya ndiyo ninayoyafanya, nawaandikia wenzangu wa maduka ya dawa na wanafunzi wa famasia.

Hatua ya 1: Zijue njia mbili

Dawa nyingi zikipenya ukuta wa utumbo mdogo huingia kwenye mshipa unaopeleka damu moja kwa moja kwenye ini. Kabla hazijafika huko, zimeshapunguzwa mara moja. Seli za ukuta wenyewe zina kimeng'enya cha CYP3A4 kinachozivunjavunja, na pampu za P-gp zinazozirudisha utumboni. Kisha ini nalo huchukua fungu lake.

Chukua karatasi upige hesabu hii ya mfano. Kidonge kina miligramu 100. Zinazoingia kwenye seli za utumbo ni 90. Ukuta unavunja nusu, zinabaki 45. Ini linaondoa sita katika kila kumi, zinabaki 18. Sasa kizuie kimeng'enya cha ukutani peke yake, halafu rudia hesabu: zinafika 36, mara mbili ya mwanzo, na ini hujaligusa. Wengi wetu tulifundishwa kulitazama ini tu, na utumbo tukauona kama bomba la kupitishia.

Njia ya pili ni ya mafuta. Mafuta ya chakula yakishalainishwa na nyongo na kumeng'enywa, seli za utumbo huyafunga upya katika vifurushi viitwavyo kilomikroni. Vifurushi hivyo ni vikubwa mno kupenya kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, kwa hiyo huingia kwenye mirija ya limfu, majimaji ya mwili yanayorudishwa kwenye damu, hupanda kupitia kifuani, na kumwagika kwenye mshipa mkubwa wa damu chini ya shingo, upande wa kushoto. Dawa inayopenda mafuta hudandia humo na kulikwepa ini katika mzunguko wake wa kwanza. Ila limfu hutiririka polepole sana ikilinganishwa na damu iendayo kwenye ini, ndiyo maana ni dawa chache tu zinazonufaika nayo: zile zinazoyeyuka vizuri mno ndani ya mafuta.

Hatua ya 2: Tambua dawa inayodandia

Lumefantrini iliyomo kwenye mseto ni ya kundi hilo. Kwa watu wenye afya, mlo wa mafuta mengi uliongeza kiasi chake mwilini mara 16 kuliko tumbo tupu. Artemetha iliongezeka mara 2 hadi 3. Kwa lumefantrini, sehemu ya faida hiyo ni nyongo kuiyeyusha tu, maana kwenye maji matupu haiyeyuki. Njia ya limfu inaongezea juu yake.

Dada yake, halofantrini, ambayo wakongwe wa kaunta wanaikumbuka kwa jina la Halfan, ilipimwa kwa mbwa. Waliolishwa walipitisha zaidi ya nusu ya dozi kwenye limfu, wasiolishwa karibu asilimia 1. Lakini halofantrini ikizidi kwenye damu huvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo yenyewe ilielekezwa imezwe tumbo likiwa tupu. Utaratibu ni uleule, maelekezo yamepishana kabisa. Usiichukue kanuni ya mafuta ukaibandika kwenye kila dawa.

Hatua ya 3: Uliza chakula kwa jina lake

"Umekula?" ni swali dogo mno. Ugali na mchicha wa kuchemsha ni chakula, ila mafuta yake ni haba. Mchicha huohuo ukiungwa kwa nazi au karanga, umeshapata unachotaka.

Habari njema ni kwamba hakuna haja ya kumlazimisha mgonjwa sahani nzima. Katika utafiti uliotumia maziwa ya soya, gramu 1.2 tu za mafuta zilitosha kufikia karibu asilimia 90 ya faida yote. Nusu kikombe cha maziwa ya ng'ombe yasiyoondolewa mafuta kinapita hapo. Uji wa karanga unafaa, parachichi linafaa. Mtoto anayenyonya, mama amnyonyeshe mara baada ya dozi.

Hatua ya 4: Uliza dawa nyingine na matunda

Juisi ya balungi hukizima kimeng'enya cha utumboni, na athari yake hudumu hata siku nzima na zaidi, kwa kuwa seli zinabidi zitengeneze kimeng'enya kipya. Mwambie aiache mpaka amalize dozi.

Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume chake: hukiongeza kimeng'enya. Artemetha hushuka kwa asilimia 89 na lumefantrini kwa asilimia 68. Hapo maziwa hayasaidii. Usiuze mseto; mpeleke kwa daktari wake apangiwe tiba nyingine.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya dozi ya pili mbele yake

Dozi ya pili ni saa nane baada ya ya kwanza. Zinazofuata ni asubuhi na jioni kwa siku mbili. Aliyemeza saa kumi jioni atameza tena saa sita usiku, na hii ndiyo wengi humeza kwa maji, nusu usingizini. Naandika "SAA 6 USIKU + MAZIWA" juu ya pakiti kwa kalamu nene, kisha namwuliza anayemwuguza, "Mama, hayo maziwa utayaweka wapi?" Akijibu "kwenye chupa ya chai, kando ya kitanda," namkabidhi pakiti. Akitapika kabla saa moja haijapita, arudie dozi nzima, kisha aje achukue vidonge vya kufidia.