Ukikutana na neno refu la kitabibu, anzia mkiani: mwongozo kwa wanafunzi wa famasia

Wanafunzi wanaokuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo hufika na madaftari yaliyojaa maneno, yamepangwa kialfabeti, maana upande wa kulia. Nikimwonyesha mmoja wao neno ambalo halimo daftarini, anakwama. Kinachonishangaza ni kwamba kazi anayoshindwa huifanya kila siku kwa lugha yake. Chukua "hawatatupikia". Hakuna aliyewahi kulikariri, lakini kila mmoja wetu anasikia ukanusho, watendaji, wakati ujao, sisi, mzizi -pik- na ule mnyambuliko wa kutendea. Maneno ya kitabibu, ambayo mengi yametoka Kigiriki na Kilatini, hujengwa kwa vipande vivyo hivyo.

Hatua ya 1: Livunje neno, ukianzia nyuma

Kwa kawaida mkia hukuambia kuna tatizo gani au tatizo liko wapi, kichwa hukuambia kiasi, na katikati ndipo kilipo kiungo au kitu chenyewe. Anza na mikia michache: -itis ni uvimbe wa kuwaka, -algia ni maumivu, -emia ni hali ndani ya damu, -uria ni mkojo, -ectomy ni kuondoa kwa upasuaji.

Sasa jaribu "hypokalemia". Mkia: damu. Kichwa, hypo-: chini ya kawaida. Katikati, kal-, inatokana na kalium, jina la Kilatini la potasiamu, ndiyo maana alama yake ni K. Basi potasiamu imepungua kwenye damu. Usiishie hapo, wewe ni mfamasia. Jiulize ni dawa gani inayoweza kuishusha (furosemide ya kuongeza mkojo, kwa mfano) na ni dawa gani inakuwa hatari zaidi ikishuka (digoxin, dawa ya moyo). Neno lisilokufikisha kwenye dawa bado hujalimaliza.

Hyper- na hypo- zitamke kwa nguvu na uziandike kwa ukamilifu. Zinatofautiana kwa herufi chache tu, lakini kati ya "hyperglycemia" (sukari imezidi kwenye damu) na "hypoglycemia" (sukari imepungua) mgonjwa mmoja anaweza kuhitaji insulini na mwingine inaweza kumuua.

Hatua ya 2: Zoea viungo vyenye majina mawili

Figo ni nephr- kwa Kigiriki na ren- kwa Kilatini. Mapafu ni pneumon- na pulmon-. Aghalabu jina la ugonjwa huchukua Kigiriki, na kivumishi cha kiungo huchukua Kilatini. Ziandike jozi hizo ukurasa mmoja, yatosha.

Hatua ya 3: Sikiliza majina ya dawa, lakini usiyaamini upesi

Shirika la Afya Duniani limekuwa likitoa orodha za majina ya kimataifa ya dawa tangu 1953, na dawa za ukoo mmoja kwa kawaida hupewa kipande kinachofanana: -pril, -sartan, -olol na -dipine utazikuta sana kwa wagonjwa wa presha.

Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi huteleza. Wakiona -azole wanasema, "dawa ya fangasi." Panga hizi nne mbele yako: fluconazole, omeprazole, metronidazole, albendazole. Ya kwanza ni ya fangasi kweli. Ya pili hupunguza asidi tumboni, ya tatu huua aina fulani za bakteria na vimelea kama amiba, ya nne ni ya minyoo. Kipande chenye maana ni kirefu zaidi ya walichokariri: -conazole, -prazole, -nidazole, -bendazole. Hata ukijua hivyo, aripiprazole itakutega, maana hiyo ni dawa ya magonjwa ya akili.

Mtego ninaoupenda zaidi ni nystatin. Inaishia na -statin, lakini haina uhusiano wowote na dawa za kushusha kolesteroli ziitwazo statin. Ni ya fangasi, iligunduliwa na Elizabeth Lee Hazen na Rachel Fuller Brown, na jina lake linatokana na jimbo la New York walikofanyia kazi. Kipande cha dawa za kolesteroli ni -vastatin, kama katika atorvastatin.

Hatua ya 4: Vifupisho, shuku kwanza

bd ni mara mbili kwa siku, tds mara tatu, prn ikihitajika, ac kabla ya kula, pc baada ya kula. Lakini od? Kwa daktari mmoja ni mara moja kwa siku, kwa daktari wa macho ni jicho la kulia. Herufi U ya "yuniti" ikiandikwa vibaya husomeka sifuri, na yuniti 10 za insulini zikawa 100. Nchini Marekani, Joint Commission, shirika linalokagua ubora wa hospitali, iliiweka U kwenye orodha yake ya vifupisho visivyoruhusiwa mwaka 2004. Ukiwa na shaka, mpigie aliyeandika cheti. Atanuna kidogo, potelea mbali.

Hatua ya 5: Lirudishe neno kwenye Kiswahili

Nikiwa bado mwanafunzi, mama mmoja dirishani aliniuliza "nephropathy" ni nini. Nikajibu kwa kujiamini kwamba ni ugonjwa wa nefroni. Akaniuliza, "Na hiyo nefroni, mwanangu, inakaa wapi?" Nilikuwa na jibu la mtihani tu; ningesema "ugonjwa wa figo", angeelewa.

Kurudisha huku kuna miiba yake. "Acute" wengi hutafsiri "kali", mgonjwa akasikia kwamba hali yake ni mbaya sana, kumbe neno linasema imeanza ghafla na si ya muda mrefu. "Chronic" tunaiita "sugu", na vimelea visivyosikia dawa navyo tunaviita "sugu". Mwambie mtu kisukari chake ni ugonjwa sugu bila maelezo, na anaweza kuamini dawa zimeshindwa, akaziacha. Sema "wa kudumu" na umweleze kwamba dawa zinaudhibiti.

Na upande wa pili: mgonjwa akisema anaumwa "chembe ya moyo", huonyesha pale chini ya kidari, juu ya tumbo. Ni "epigastric", si lazima iwe moyo. Lakini kwa kuwa shambulio la moyo nalo huweza kuuma papo hapo, mwombe aweke kidole mahali penyewe, umuulize kuhusu jasho, pumzi na maumivu ya mkono kabla ya kumpa dawa ya kiungulia.

Zoezi la kila siku: toa maneno matatu kwenye karatasi zinazokuja ndani ya maboksi ya dawa, yavunje, kisha mweleze mtu ambaye hajasomea afya. Mwombe akurudishie kwa maneno yake. Akikosea, futa ulichoandika daftarini na uandike upya kwa namna atakayoielewa yeye.