Rangi ya maji nyumbani: kuijua, kuipaka na kumaliza mabaki yake

Jina la rangi ya maji limewapotosha wengi. Mtu akisikia "ya maji", anadhani akimwaga mabaki mtaroni amemwaga maji tu. Napaka nyumba hapa Dar es Salaam, na kazi nyingi ninazoitwa kurudia zimeharibikia kwenye dhana hiyo hiyo, kwamba rangi hii ni maji tu. Wamarekani wanaiita lateksi, ila utomvu wa mpira haumo. Kilichomo ni chembe ndogo sana za plastiki, unga wa rangi, dawa za kuzuia isioze, na maji ya kubeba hivyo vyote. Ukishapaka, maji hupotelea hewani, chembe zikashikamana kuwa utando mmoja. Ndiyo maana brashi mbichi huoshwa kwa maji, lakini ikishakauka hata uiloweke usiku kucha haisafishiki.

Hatua ya 1: Kagua ukuta

Lipu mpya iache siku 28. Simenti changa ina unyevu na ukali unaoila rangi.

Huku pwani kuna adui mwingine: chumvi. Ukiona unga mweupe unachipuka ukutani karibu na sakafu, usiufunike kwa rangi. Ukuta unavuta maji kutoka chini, na ukiuziba kwa utando wa plastiki, rangi itavimba malengelenge na kubanduka. Tafuta kwanza maji yanakotoka: bomba linalovuja, maji ya bati yanayoangukia msingini, bafu la jirani. Acha ukuta ukauke kabisa, kisha pangusa chumvi kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji, itayeyuka na kurudi ndani.

Palipopigwa chokaa, pitisha kiganja. Kikitoka cheupe, kwangua. Rangi ya mafuta ya zamani huenda ina madini ya risasi, kwa hiyo usiisugue kavu. Tumia msasa wa maji, watoto wakae mbali, na vumbi lote likusanywe kwa kitambaa kibichi.

Hatua ya 2: Piga hesabu kabla ya kwenda dukani

Chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kimo cha mita 2.7, ukitoa mlango na dirisha, kina takribani mita za mraba 34 za ukuta. Mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ni 68. Lita moja hufunika kama mita 10 za mraba kwenye ukuta laini, hivyo unahitaji lita 7: galoni mbili za lita 4. Ndoo ya lita 20 kwa chumba kimoja itakuachia mzigo.

Hatua ya 3: Changanya

Koroga mpaka chini kabisa, maana unga hutuama. Kuhusu maji, soma maelezo ya kwenye ndoo. Mara nyingi sehemu 1 ya maji kwa sehemu 10 za rangi inatosha. Fundi anayeongeza maji ili rangi ifike mbali anakuibia: chembe zikitengana mno hazishikani, na baada ya miezi michache ukuta utakuwa unatoa unga kwenye mashati.

Hatua ya 4: Paka

Anza na dari, kisha kuta. Zungushia pembe kwa brashi, na kabla hazijakauka jaza kwa rola. Usirudie sehemu iliyoanza kushika. Subiri saa 2 hadi 4 kabla ya mkono wa pili, na wakati wa masika zaidi. Fungua madirisha. Ukuta usiufute kwa maji hadi wiki tatu au nne zipite.

Hatua ya 5: Osha na utunze

Kamulia rangi ya rola ndani ya ndoo yake kwanza. Kisha osha kwenye ndoo mbili, ya uchafu na ya kusuuzia, wala si chini ya bomba. Maji machafu yaache siku mbili tatu. Ya juu utaoshea tena vifaa, na tope la chini litaingia kwenye mabaki.

Rangi iliyobaki ihamishie kwenye chombo kidogo cha plastiki kinachojaa, ukifunike vizuri na kukiandika chumba na tarehe. Ikifanya ngozi juu, itoe na uchuje kwa kipande cha chandarua. Ikinuka kama yai viza, imeoza, usiipake tena.

Hatua ya 6: Mabaki

Kwanza tafuta wa kumpa. Banda la kuku au choo cha msikiti havichagui rangi.

Kisichofaa kikaushe. Mimina mchanga au pumba za mbao mpaka mchanganyiko uwe mzito, utandaze kwenye plastiki kivulini, mbali na watoto na kuku. Ukigeuka mgumu, utie kwenye mfuko wa taka na uwape wazoa taka. Ikiwa mbichi isiende mtaroni, maana mitaro yetu inaishia baharini, wala isiende kwenye shimo la choo karibu na kisima.

Na ile ndoo. Najua ilivyo imara, na najua nyumba ngapi zinachotea nayo maji. Dawa za kuzuia kuoza hubaki kwenye kuta zake hata baada ya kusuguliwa, hivyo isiwekwe maji ya kunywa, unga wala togwa. Mimi huzitoboa matundu matatu chini mara tu zinapokauka, nikapandia mpilipili au mlangilangi.