Una presha na mgongo unauma? Fanya haya kabla ya kunyooshwa viungo

Korosho zinapoanza kudondoka, mashamba ya Newala, Tandahimba na Masasi hujaa watu walioinama kutwa wakiokota, na baadaye yanakuja magunia ya kubeba. Mgongo ukikaza, mtu hununua dawa ya maumivu kama diklofenaki duka la dawa au humtafuta wa kumnyoosha viungo. Mwenye presha asikimbilie lolote kati ya hayo kabla ya kupima.

Kiropraktiki, tiba ya kusukuma pingili za uti wa mgongo kwa mikono, ilianzishwa na D. D. Palmer mjini Davenport, Marekani, mwaka 1895. Tangu mwanzo Palmer alidai kuwa ilimsaidia pia mgonjwa wa moyo. Madai hayo bado yanazunguka, lakini hayana msingi wa kutosha. Utafiti wa Chicago uliochapishwa 2007 ulionyesha presha ikishuka baada ya kurekebisha pingili ya juu kabisa ya shingo, ila uliwahusu watu 50 tu. Huo si msingi wa kuacha vidonge.

Faida ya kiropraktiki kwa moyo ni ya kupitia mlango wa nyuma. Diklofenaki na ibuprofeni hufanya figo zishike chumvi na maji, presha ikapanda, na hupunguza nguvu ya dawa za presha kama losatani na enalaprili. Ukichanganya diklofenaki, dawa hizo za presha na dawa ya kukojoza, figo zinaweza kuumia. Kwa hiyo tiba ya mikono ikituliza kiuno kiasi kwamba huhitaji diklofenaki, na ukaweza kutembea nusu saa kwa siku, siku 5 kwa wiki, moyo umenufaika.

Anza na kipimo. Usinywe kahawa, usivute sigara wala kufanya kazi nzito kwa dakika 30 kabla. Kojoa kwanza. Kaa kwenye kiti chenye egemeo kwa dakika 5, kimya, nyayo chini, miguu usiikunje nne. Mkono uwe wazi, umelazwa mezani usawa wa moyo. Kitambaa cha mashine kikiwa kidogo kwa mkono mnene, namba hupanda kwa uongo. Kosa hili ni la kawaida mno. Pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati. Ukiwa na maumivu makali namba nazo hupanda, basi rudia siku nyingine yakitulia. Ikiwa 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, nenda kituo cha afya. Ikifika 180/120, ahirisha kunyooshwa na umwone daktari siku hiyohiyo; ukiwa pia na maumivu ya kifua, kuona ukungu au udhaifu, ni dharura.

Muulize anayekunyoosha alikosomea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2005 unataka mtaalamu wa kiropraktiki awe na saa zisizopungua 4,200 za masomo. Usipompata, mtaalamu wa fiziotherapia hospitalini ni chaguo zuri, na kwa mawazo yetu ndiye wa kuanza naye. Mwambie bila haya: "Nina presha, natumia dawa hizi, shingo usiizungushe." Kuizungusha shingo kwa ghafla kumehusishwa na kuchanika kwa mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, na matokeo yake ni kiharusi. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asisukumwe pingili kabisa bila ruhusa ya daktari wake. Anayekosa pumzi akilala kifudifudi atibiwe akiwa amekaa.

Maumivu mengine ya mgongo hayatoki mgongoni. Ya misuli kwa kawaida huongezeka ukijipinda au ukibonyezwa mahali fulani. Yanayobana kifua ukipanda mlima au ukibeba mzigo, yakasambaa hadi taya, bega au mkono, pamoja na jasho la baridi na kukosa pumzi, yachukulie kuwa ya moyo. Maumivu ya ghafla kama kuchanika, kati ya mabega, nayo ni dharura. Hapo usikandwe, nenda Ligula, Ndanda, Sokoine ya Lindi au hospitali yoyote iliyo karibu zaidi, na usiendeshe pikipiki mwenyewe.

Fanya hivyohivyo ikiwa baada ya kunyooshwa shingo unaona vitu viwiliviwili, ulimi unakuwa mzito, uso unapinda au upande mmoja unalegea. Andika saa dalili zilipoanza, kwa sababu matibabu ya kiharusi hutegemea saa hiyo.